Chukulia Kuna Tangi

Nilitoka ukumbini vidole vimeganda,
kiyoyozi cha chuo ungedhani cha kuhifadhia samaki.
Nje, Al-Khoud inachemka, lami inang'ang'ania viatu,
na Azzan garini hakuuliza kitu,
alinipa tu chai ya karaki, kifuniko kinavuja.

Nyumbani mama anatoboa kofia,
kitundu, uzi, kitundu, uzi.
"Vipi, Muzna?"
Mengine nimeyaweza.
"Na mengine?"

Swali la kumi na tisa, mama.
Lilikuja kwa Kiarabu, nikalisoma mara nne,
nikalijua neno kwa neno, nisilijue lenyewe,
kama mtu aliyeshika majina ya wageni wote
asijue wamefuata nini.
"Hebu nambie kwa maneno ya jikoni."

Basi nikaanza: Chukulia kuna tangi...
"Nimchukulie nani? Letu lenyewe linavuja."
Siyo hivyo. Chukulia, yaani jifanye unaamini.
"Ehe. Kazi hiyo naijua. Endelea."

Tangi lina mabomba mawili.
La kwanza peke yake hulijaza kwa saa sita,
la pili peke yake kwa saa nne,
na chini pana ufa:
tangi likiwa limejaa, ufa hulimaliza kwa saa kumi na mbili.
Mabomba yakifunguliwa yote, na ufa haukuzibwa,
litachukua muda gani kujaa?

"Wewe ulijibuje?"
Nilijumlisha sita na nne, nikatoa kumi na mbili.
"Ikawa?"
Hasi mbili.

Mama akaichomeka sindano kwenye kofia,
akacheka mpaka akajishika mbavu:
"Yaani limejaa kabla hatujafungua bomba!
Tangi hilo nalitaka mimi. Linauzwa wapi?"

Nami nikacheka, machozi yakiwa bado yananilenga.
Ukumbini sikucheka.
Nilifuta mpaka karatasi ikaota manyoya,
msimamizi akapita na saa yake mkononi,
nikaacha mahali pale peupe, nikakimbilia la ishirini.

"Mimi kofia," mama akasema, akitafuta ncha ya uzi,
"sijiulizi itakwisha lini. Nikijiuliza nitaitupa.
Najua tu, saa moja, vitundu thelathini.
Shangazi yako akipiga simu, toa kumi."

Hakuwa ananifundisha. Alikuwa analalamika.
Lakini mimi nilikaa kitako zuliani.

Saa moja, bomba la kwanza: moja ya sita.
Saa moja, bomba la pili: robo.
Saa moja, ufa unaiba moja ya kumi na mbili.
Mbili, na tatu, toa moja,
nne juu ya kumi na mbili...
theluthi!
Saa tatu, mama! Saa tatu!
"Asubuhi au usiku?"
Muda! Muda wa saa tatu!
"Sasa mbona unanipigia kelele?"

Chuo hakitaijua theluthi yangu.
Karatasi imo ndani ya bahasha, bahasha imepigwa lakiri,
na peupe pangu pamo humo, pamekaa kimya.

Usiku nikapanda darini na ndoo,
nikaitega chini ya ufa wa tangi letu,
bomba nimelifunga.
Saa ya kwanza, ndoo ilijaa.
Saa ya tatu, haikufika nusu.
Kumbe maji yakipungua, na ufa hulegea,
unavuja kwa unyonge, kama mtu aliyechoka kugomba.
Swali halikusema hivyo.
Swali lilisema chukulia,
na mimi asubuhi ile nilikuwa na haraka,
nikaliruka neno la kwanza.

Niliposhuka, viganja vinanuka kutu,
mama alikuwa bado macho, kofia magotini.
"Na yale mengine uliyoshindwa?"
Liko la thelathini na moja.
"Haya, nisimulie."
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Lile, mama,
hata kulisimulia sijaweza.